Hema Kando ya Ziwa: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo lilelile: wapi pa kupiga kambi siku moja au mbili kando ya ziwa lenye samaki, bila kumaliza siku nzima barabarani. Tumechagua saba. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mengine yanaliegemea.

Ndugu mhariri, sisi tunaishi Ruiru. Tuna watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na gari dogo. Tunataka kulala siku mbili kando ya ziwa ili watoto wajifunze kuvua kwa ndoana. Twende wapi, na tutajuaje kwamba mahali panafaa kabla ya kutoa pesa? – Baba na Mama, Ruiru

Nendeni Naivasha, upande wa kusini wa ziwa. Kutoka katikati ya Nairobi ni kilomita 90 hivi, nanyi mtaongeza kipande cha kuzunguka jiji. Nakuru na Elementaita ni maji ya magadi. Huko watu huenda kutazama ndege. Bwawa la Masinga lina samaki, lakini ni nchi ya joto na mbu, tena lina mamba, na mtoto wa miaka 7 hakai ukingoni mwa maji yenye mamba. Naivasha ni maji baridi, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na haina mamba. Kiboko yupo, na habari zake tutazifikia.

Njia ni mbili. Ya juu hupitia Limuru na Kinungi. Ya chini huteremka kutoka Rironi hadi Mai Mahiu. Ya chini ina malori mengi na kona kali, na asubuhi ukungu hutanda kwenye mteremko. Kwa gari dogo lililojaa hema, watoto na madumu ya maji, sisi tungeshika ya juu. Mkifika mjini Naivasha mnaingia Barabara ya Moi South Lake, ambayo hupita Karagita na kufuata ufuo hadi Kamere na Kongoni. Kambi zimejipanga kando yake chini ya migunga yenye magome ya manjano. Asiye na gari hupanda matatu ya Kongoni pale mjini na kuomba kushushwa langoni.

Sasa jambo lenyewe. Watu wengi huchagua kambi kwa kutazama picha za mchana. Kambi ya ziwani huchaguliwa kwa mambo ya usiku: maji yamefika wapi, kiboko anapita wapi, upepo unatoka wapi. Samaki anakuja wa nne. Na hapa ndipo faida ya ziwa la karibu inapoonekana: mnaweza kwenda Jumamosi moja bila hema, mkakagua ufuo kwa macho yenu, mkala samaki wa kukaanga pale Kamere, na jioni mkarudi kulala kwenu.

Anzeni na maji. Kiwango cha Naivasha hupanda na kushuka sana. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi likaingia kwenye nyumba za mtaa wa Kihoto na kumeza majengo ya ufuoni. Mkiona miti iliyokauka imesimama majini, jueni ufuo wa zamani ulikuwa ng'ambo ya miti hiyo, kuelekea katikati ya ziwa. Kwa hiyo msitegemee picha wala maelezo ya miaka iliyopita kuhusu umbali wa hema na maji. Tafuteni mstari wa takataka: mabua ya mafunjo, magugu maji yaliyokauka, chupa za plastiki. Hapo ndipo mawimbi yalipofika mara ya mwisho. Hema likae juu ya mstari huo kwa kimo cha mita moja au zaidi. Tunasema kimo, si hatua za kutembea, kwa maana kwenye ufuo wa tambarare hatua thelathini zinaweza kuwa kimo cha kiganja tu.

Kisha kiboko. Huyu hutoka majini giza likiingia, hula majani usiku kucha na kurudi kabla ya mapambazuko. Mzito wa kilo 1,500 na zaidi, lakini anamshinda mtu mbio. Hali watu, anachotaka ni kurudi majini, na yeyote atakayesimama kati yake na maji yuko hatarini. Njia yake ni rahisi kuitambua: ina mifereji miwili inayokwenda sambamba, na katikati kuna tuta la majani, kwa sababu miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana. Pembeni mtaona vichaka vilivyopakwa kinyesi hadi usawa wa goti, maana kiboko hutawanya kinyesi kwa mkia. Na ile nyasi fupi ya kijani iliyo karibu na maji, ambayo kila mgeni huitamani kwa hema, mara nyingi ni fupi kwa sababu kiboko ndiye anayeikata. Kwa familia yenye watoto hatushauri kambi isiyo na uzio wa umeme upande wa ziwa. Tena uzio uangaliwe: nyaya zisiguswe na majani marefu, kwani majani huvuta umeme ukaishia ardhini, na uzio unabaki kuwa pambo.

Upepo wa Naivasha una tabia yake. Asubuhi maji hutulia kama kioo. Kuanzia mchana upepo huamka na mawimbi mafupi makali huanza. Ndiyo maana boti ndogo inafaa irudi kabla ya saa sita mchana. Kwa hema, tafuteni mahali penye vichaka au jengo upande unakotoka upepo wa mchana, mlango uelekee upande wa pili.

Kabla ya kulipa, pigeni simu mkaulize haya. Uzio wa umeme huwashwa saa ngapi, nani huukagua? Hema la karibu zaidi liko umbali gani na maji leo, si mwaka jana? Kuna gati au sehemu ya kuvulia ambayo watoto wanaweza kukaa mchana? Je, kuna muziki Jumamosi usiku? Swali hili la mwisho si la anasa. Baadhi ya kambi hugeuka ukumbi wa ngoma mwisho wa wiki, na mtoto aliyelala saa nane za usiku haamki alfajiri kuvua. Nendeni siku za katikati ya wiki mkiweza, na epukeni kabisa wiki ya mashindano ya Safari Rally, ambayo makao yake yamekuwa Naivasha tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Wiki hiyo barabara ya kusini hujaa na bei hupanda.

Vitu vya kubeba: maji ya kunywa na kupikia lita 5 kwa kila mtu kwa siku, yaani madumu mawili ya lita 20 kwa watu wanne kwa siku mbili. Msinywe maji ya ziwa, na ya visima vya huko msiyafanye ya kila siku kwa watoto, kwa kuwa maji ya Bonde la Ufa mara nyingi yana floridi nyingi. Mwezi wa Juni hadi Agosti usiku huwa baridi kali; baridi hiyo hutoka chini kuliko juu, hivyo godoro moja la sponji chini ya mtoto lina faida kuliko blanketi mbili juu yake.

Kila mtoto awe na jaketi lake la kuokoa maisha, lililopimwa kwa uzito wake. Mvishe, funga vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi umnyanyue juu kidogo. Likipanda hadi kumfunika kidevu au masikio, ni kubwa; majini litaelea lenyewe na mtoto atachomoka chini. Avae hata akiwa kwenye gati, si botini tu.

Siku ya pili samaki wakigoma, Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate iko hapo hapo kando ya barabara, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo watu hutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia.

Hema letu lilikuwa limelowa ndani asubuhi ingawa mvua ilikuwa ya rasharasha tu. Fundi anasema kitambaa kimechoka, tununue jingine. Ni kweli? – Mama Wawili, Thika

Mama, usinunue bado. Asubuhi ukiamka, kabla ya kufungua zipu, pitisha kiganja sehemu mbili: kwenye dari, halafu chini ya godoro.

Dari likiwa na matone madogo yaliyotapakaa kote na chini pakiwa pakavu, hayo ni mvuke wa pumzi zenu. Kando ya ziwa hewa ya usiku ina unyevu mwingi na kitambaa hupoa haraka, kwa hiyo pumzi za watu wanne hugeuka maji juu yenu. Dawa ni kufungua matundu ya juu hata kama kuna baridi, kuacha zipu ya mlango wazi upana wa mkono upande wa juu huku chandarua kimefungwa, na kulivuta turubai la nje lisiguse hema la ndani. Vitambaa hivyo viwili vikigusana tu, maji hupenya pale pale.

Chini ya godoro pakiwa na maji, tazama turubai mlilotandika ardhini. Kosa tunaloliona kila kambi ni turubai kubwa kuliko sakafu ya hema. Mvua huanguka juu ya ile sehemu iliyotokeza na kutiririka moja kwa moja chini yenu. Likunje kuelekea chini, liwe dogo kuliko sakafu kwa sentimita 5 kila upande. Chini ya migunga, kabla ya kulitandika, fagia ardhi kwa tawi halafu ipapase kwa soli ya kiatu. Mwiba mmoja wa mgunga hutoboa turubai na sakafu kwa pamoja.

Maji yakiingia kwa mstari kwenye mshono, ndipo mshono unapozibwa. Soma lebo ya hema kwanza. Kitambaa kilichopakwa poliyurethani hakishiki gundi ya silikoni, na cha silikoni hakishiki gundi nyingine. Paka nyembamba upande wa ndani, acha likauke siku nzima likiwa limesimamishwa. Vigingi vipigwe vikiinama, kichwa kikielekea mbali na hema. Kilichopigwa wima hung'oka upepo wa saa tisa unapoanza.

Nimekaa ufuoni Karagita tangu asubuhi hadi saa nane. Ndoana inarudi tupu kila mara, ugali umeyeyuka. Nimepata tilapia mmoja wa kiganja. Wenzangu kando yangu walikuwa wanatoa samaki. Nakosea wapi? – Kijana wa Gilgil

Kijana wetu, tunavyosoma barua yako makosa ni mawili: ugali wenyewe, na kina.

Ugali wa mezani haufai. Chemsha maji kikombe kimoja na nusu, tia unga wa mahindi vikombe 2 na kijiko cha sukari, songa kwa moto mdogo dakika 5 hadi uwe mgumu kuliko wa kula. Ipua, uache upoe hadi mkono uvumilie. Hapo ndipo uongeze unga wa ngano kikombe kimoja na kukanda dakika 10 kama wa chapati. Ngano ndiyo inayoshika. Ukiitia ugali ukiwa bado jikoni inapikika na kupoteza ule mvuto wake. Nyofoa pamba kidogo, ukubwa wa kucha ya dole gumba, uichambue na kuikanda ndani. Nyuzi zake hufunga chambo kwenye ndoana. Viringisha kwa kitambaa kibichi, usiache juani. Kabla ya kutoka nyumbani, tumbukiza kidonge kwenye kikombe cha maji: kikibaki mzima dakika 15, kimefaa. Kikiwa kigumu mno nacho ni kosa, kwa sababu samaki akivuta, ncha ya ndoana haichomoki kwenye donge.

Ukubwa hutegemea samaki. Kwa tilapia tumia ndoana namba 10, mshipi wa milimita 0.20 na kidonge kama punje ya mbaazi. Kwa kapi, yule samaki mnene mwenye sharubu nne mdomoni ambaye ameenea Naivasha tangu mwanzo wa miaka ya 2000, tumia ndoana namba 6, mshipi wa milimita 0.30 na kidonge kama gololi. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Ncha iachwe itokeze kidogo.

Sasa kina. Funga chubwi zito, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, kwenye ndoana kwa muda, tupa pale unapotaka kuvua. Kiboya kikizama, kina ni kirefu kuliko ulivyopima, kisogeze juu. Kikilala ubavu, mshipi umezidi, kirudishe chini. Kikisimama wima, umepata sakafu. Kwa tilapia punguza sentimita 10 ili chambo kining'inie juu ya tope. Hapo kwenye tope kuna kamba wekundu wa maji baridi, walioletwa Naivasha miaka ya 1970, nao ndio tunawashuku kwa ndoana yako tupu. Dalili yao ni hii: kiboya kinatetemeka bila kuzama, kinasogea polepole pembeni, halafu kimya. Samaki wa kweli hugonga mara moja au mbili, kisha kiboya huteleza chini kwa mshazari. Hapo inua kiganja tu, si mkono mzima. Mdomo wa tilapia ni mdogo na laini, ukivuta kwa nguvu unachanika.

Kapi anakula sakafuni, kwa hiyo huna budi kushindana na hao kamba. Kagua chambo kila dakika 10. Tupa makonzi mawili ya pumba iliyofinyangwa na maji mahali pamoja, rudia konzi moja kila nusu saa, ndoana iwe papo hapo. Ukizidisha, samaki wanashiba chakula kisicho na ndoana. Legeza breki ya mashine ya mshipi hadi uweze kuuvuta kwa vidole viwili bila kujikata, maana kapi wa kilo 4 hukata mshipi uliokazwa kwa mkimbio wake wa kwanza. Na usiweke ufito chini ukaenda kununua chai. Kapi huondoka nao.

Pia saa. Saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi ndizo zenye samaki. Baada ya hapo upepo huchafua maji ya ukingoni. Jioni huanza tena saa kumi, lakini kunja mishipi kabla ya jua kuzama, kwa sababu ufuo baada ya hapo ni wa kiboko.

Kuhusu besi, yule mwenye mdomo mpana aliyeletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920: hali ugali. Anawinda. Mtafute kwenye miti iliyokufa majini, asubuhi mapema, kwa chambo bandia kinachong'aa, ukivuta polepole na kusita, kuvuta na kusita. Beba vitatu au vinne, kwani miti hiyo itakunyang'anya kimoja.

Mume wangu huingia ziwani hadi magotini ili kutupa mshipi mbali. Tunapiga kambi kwenye majabali nje ya jiji, maji ni safi na mawe yanaonekana chini. Kuna hatari? – Dada wa Mwanza

Ipo, dada, na usafi wa maji hauiondoi. Ziwa Victoria lina kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya maji yaliyotulia, vikaogelea hadi kwenye ngozi na kupenya bila jeraha. Ufuo wa majabali wenye mawimbi una konokono wachache kuliko ghuba yenye matete, lakini wachache si sifuri, na mawimbi husafirisha vijidudu kutoka ghuba ya jirani. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri.

Avue akiwa juu ya jabali kavu. Akitaka kufika mbali, ufito wa mita 3 na chubwi la gramu 30 vitampeleka mbali kuliko hatua kumi majini. Mamba nao wapo katika ziwa hili, hasa karibu na midomo ya mito na matete, kwa hiyo jabali liwe na kimo na asichutame ukingoni kuosha samaki. Achote maji kwa ndoo yenye kamba.

Maji ya kuoga kambini yachemshwe, au yachotwe na kuwekwa kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili. Vijidudu hivyo visivyopata mtu hufa. Kwa kuwa ameshaingia mara nyingi, aende kupimwa kituo cha afya wiki 6 hadi 8 baada ya kuingia majini mara ya mwisho, hata kama haumwi. Akipimwa mapema kipimo kinaweza kukosa kitu. Dawa ni prazikwanteli, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtu, basi aipate kwa mhudumu wa afya.

Sina gari, nakaa Arusha mjini. Kuna ziwa la kufika kwa daladala na kulala hema? – Mwanafunzi, Arusha

Ziwa Duluti. Ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, kilomita 15 hivi kwenye barabara ya Moshi. Unashuka Tengeru, unamalizia kwa miguu. Ukienda Jumatano au Jumamosi utakuta soko la Tengeru, ununue ndizi na nyanya za kambini. Viboko hawapo, usiku ni wa bundi. Msitu unafika hadi majini, hivyo ufito mrefu utakwama kwenye matawi. Beba mwanzi wa mita 2. Ulizia langoni masharti ya kuvua na kulala kabla ya kulipa kiingilio.

Je, ndoana moja tu ya kujifurahisha inahitaji leseni? – Msomaji, Nakuru

Ndiyo. Kenya ina leseni ya uvuvi wa burudani, tofauti na ya mvuvi wa kuuza, na huipata kupitia ofisi ya uvuvi. Naivasha wanayo mjini. Ukivua kwenye ufuo wa wavuvi, jitambulishe kwanza kwa kamati ya ufuo, yaani BMU. Hao wanajua mahali panapozaliana samaki na pasipovuliwa, na wanajua kiboko yupi amezaa wiki hii. Usinunue wala kuazima nyavu za nyuzi moja za plastiki, zimepigwa marufuku.

Tulivua kapi watatu asubuhi, jioni walikuwa wananuka na nyama ina ladha ya tope, tena miiba mingi. Tuliwatupa. Tungefanyaje? – Shemeji Watatu, Kiambu

Samaki aliyeachwa kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu huanza kuharibika akiwa bado anapumua. Muue mara moja kwa pigo la kichwani juu ya macho, mkate chini ya matamvua atoke damu, mtumbue na kutoa matamvua yote, kisha mpanguse kwa kitambaa safi badala ya kumwosha kwa maji ya ziwa. Barafu iwe sawa kwa uzito na samaki, kilo kwa kilo. Pasipo barafu, mtie kwenye gunia la katani lililoloweshwa, litundikwe kivulini penye upepo, na apikwe kabla ya adhuhuri. Wa kurudi nao nyumbani apasuliwe kwa mgongoni na kupakwa chumvi, kilo 1 kwa samaki kilo 3.

Ladha ya tope hukaa zaidi kwenye ngozi na ile nyama nyeusi iliyo ubavuni. Chuna ngozi, kata nyama nyeusi uitupe, loweka vipande kwenye maji yenye chumvi na ndimu nusu saa.

Miiba ya kapi ni ile midogo yenye umbo la panda, iliyopita katikati ya mnofu. Huwezi kuing'oa yote. Chanja mnofu kwa kisu kikali, mistari ya milimita 3 kwa 3, ukikata hadi karibu na ngozi bila kuitoboa. Kwa hiyo samaki wa kuchanjwa hivi asichunwe ngozi. Mtoe magamba tu, nyama nyeusi utaiparua kwa ndani. Paka chumvi, ndimu na unga kidogo hadi ndani ya mikato, kisha kaanga kwenye mafuta mengi yaliyochemka. Mafuta yakiingia kwenye kila mkato, vijimiba vilivyokatwa vinakauka na kuliwa pamoja na nyama. Mafuta yakiwa vuguvugu haviivi, na mtoto atakwama na mwiba kooni. Jaribu kwa kipande kidogo cha unga uliokandwa, kikipanda juu papo hapo kikifoka, ndipo utie samaki.